Dorothy Sayers, Binti wa Kasisi

Wako Wakristo wanaoona kwamba hadithi za wauaji na wapelelezi hazimfai mtu wa kanisa. Basi na tuyatazame maisha ya Dorothy Sayers.

Alizaliwa Oxford, Uingereza, mwaka 1893, mtoto wa pekee wa kasisi wa Kianglikana. Baba yake ndiye aliyemwanzishia Kilatini tangu utotoni. Mwaka 1915 alimaliza masomo ya chuo kikuu kwa sifa ya juu, ila Oxford haikuwa ikiwapa wanawake digrii. Alipewa yake mwaka 1920, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza.

Huko London alipata riziki kwa kutunga matangazo ya biashara, huku akiandika riwaya. Ya kwanza ilitoka mwaka 1923, na mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey, akapendwa na wengi. Katika The Nine Tailors, ya mwaka 1934, fumbo lenyewe limo katika kengele za kanisa la shamba.

Lakini mtungaji huyu wa mafumbo alikuwa na fumbo lake. Mwaka 1924 alizaa mtoto wa kiume nje ya ndoa. Hakumtupa: alimkabidhi kwa binamu yake amlee, naye akatoa gharama za malezi. Wazazi wake walifariki bila kujua kwamba wana mjukuu. Aliolewa mwaka 1926, wala mtoto hakuja kukaa naye. Watu wengi walizipata habari hizo baada ya kifo chake.

Mwaka 1941 michezo yake ya redio juu ya maisha ya Bwana Yesu ilianza kutangazwa na BBC. Kwa kuwa Yesu na mitume walisema lugha ya kila siku, kelele zilipigwa hadi Bungeni. Hata hivyo wasikilizaji wengi waliipokea kwa furaha. Mwaka 1943 Askofu Mkuu William Temple alitaka kumpa heshima ya udaktari wa theolojia, naye akakataa kwa adabu.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kumtafsiri Dante. Alifariki ghafla Desemba 1957, kazi haijaisha, na rafiki yake Barbara Reynolds akaikamilisha.

Nasi tulio wepesi kumpima mwenzetu kwa kosa moja tunalolijua, tukumbuke: mwanamke huyu alibeba mzigo wake kimya, na bado mkono wake haukuacha kazi.