Brinkley, daktari wa beberu aliyeiteka Marekani kwa redio

Umeshaona yale mabango ya nguvu za kiume kwenye nguzo za stima, sivyo? Unayapita ukielekea steji, unacheka, unaendelea na safari yako. Unacheka kwa sababu unajua huyo ni mganga. Sasa chukua biashara hiyo hiyo, mvalishe mwenyewe koti jeupe, mpe cheti ukutani na kituo chake cha redio. Bado unacheka? Wamarekani hawakucheka. Walipanga foleni.

Jamaa aliitwa John Brinkley. Alizaliwa 1885 kwenye milima ya North Carolina, na kufikia umri wa miaka kumi na kitu alikuwa ameshafiwa na mama na baba. Alifanya kazi ya telegrafu lakini roho yake ilikuwa kwenye udaktari. Akaenda Chicago na kujiandikisha katika Bennett Medical College, shule iliyofunza tiba za mitishamba na nyinginezo ambazo madaktari wengi hawakuzitambua. Karo ikamlemea, madeni yakapanda, akaondoka bila cheti.

Hadi hapo, msee, mimi niko upande wake. Mimi pia niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, na najua vile swali la umesomea nini linavyochoma mbele ya watu. Kuacha chuo si kosa. Shida ni alichofanya baadaye.

Mwaka 1913 Brinkley na mwenzake walifungua kliniki mjini Greenville, South Carolina. Wanaume waliokuwa na wasiwasi kuhusu nguvu zao waliingia, wakadungwa sindano, wakalipa dola 25. Ndani ya sindano kulikuwa na maji yaliyotiwa rangi. Kumbuka hayo maji, tutayarudia. Baada ya miezi michache wawili hao walitoroka mji wakiacha madeni kila mahali.

Miaka miwili baadaye alipata cheti kutoka shule moja ya Kansas City, aina ya shule ambazo baadaye gazeti la huko lilizianika kwa kuuza vyeti kama maandazi. Lakini cheti ni cheti. Kilimpa leseni halali ya kutibu Kansas, na mwaka 1917 akahamia kijiji kidogo kiitwacho Milford.

Sasa hapa sikiza kwa makini, maana wengi hupenda kuiruka sehemu hii. Mwaka uliofuata, homa kali ya 1918 ilipoua mamilioni duniani, Brinkley alizunguka nyumba kwa nyumba akihudumia wagonjwa, na watu wa Milford walimsifu kwa hilo kwa miaka mingi. Hakuwa shetani mwenye pembe. Alikuwa daktari aliyefika kwako usiku mtoto wako akiwa na homa. Ukishamwamini mtu namna hiyo, je, utamkagua akija na jambo jipya?

Jambo jipya lilikuwa mbuzi. Wakati huo huo hivi, mkulima mmoja alimjia akilalamika kuwa nguvu zimeisha, na Brinkley akampandikiza tezi za beberu, yaani korodani. Baadaye mke wa mkulima akapata mtoto wa kiume. Habari zikaenea kama moto wa nyika. Bei ikawa dola 750 kwa operesheni moja, ganji ambayo mfanyakazi wa kawaida alihitaji miezi mingi kuipata. Mabeberu yakaletwa Milford kwa treni, na kijiji kikaomoka: barabara, posta mpya, kazi kwa vijana.

Je, ilifanya kazi? Hapana. Mwili wa binadamu hauwezi kukipa uhai kipande cha nyama ya mbuzi. Ukiwa na bahati, mwili unakimaliza polepole. Ukikosa bahati, kidonda kinaoza na damu inaingia sumu. Lakini waliojisikia nafuu, hata kwa matumaini tu, walirudi kutoa ushuhuda. Waliokufa hawakurudi kusema chochote.

Mwaka 1923 akafungua kituo cha redio, KFKB. Kulikuwa na muziki, mahubiri, habari za bei za mifugo, na katikati yake, sauti ya daktari mwenyewe. Alisoma barua za wasikilizaji hewani, akataja ugonjwa wao bila kuwaona, kisha akawaagiza wanunue dawa namba fulani. Maduka ya dawa yaliyojiunga naye yaliuza chupa hizo kwa bei ya juu na kumrudishia sehemu ya faida. Unaona mpango ulivyokuwa? Mtu mmoja ndiye anakutisha, ndiye anakupima, na ndiye anakula kwenye kila chupa.

California ilipotaka akamatwe, gavana wa Kansas alikataa kumtoa. Daktari alikuwa anauletea mji pesa, bwana.

Ukuta ulianza kuanguka 1930. Bodi ya madaktari ya Kansas ilimwita ajieleze, na moja ya mambo yaliyotokea ni kwamba Brinkley alikuwa ametia sahihi vyeti vya vifo vya watu 42, ambao wengi wao hawakuwa wagonjwa walipofika kwake. Leseni ikafutwa. Serikali nayo ikakataa kufufua kibali cha redio yake.

Ungefikiri mbogi yake ingemkimbia. Wapi! Aliwaambia kuwa madaktari wakubwa wana wivu, kwamba wanamnyamazisha kwa sababu anamtetea mtu wa chini. Siku chache baada ya kupoteza leseni akatangaza kugombea ugavana. Jina lake halikuwa hata kwenye karatasi ya kura, wapigaji walilazimika kuliandika kwa mkono, na bado akapata zaidi ya kura 180,000. Maelfu nyingine zilitupwa kwa sababu jina halikuandikwa sawasawa. Mwaka 1932 akajaribu tena, akapita kura 240,000, akashindwa tena.

Redio je? Akavuka mpaka. Alijenga kituo Villa Acuña, Mexico, ng'ambo tu ya mto kutoka Del Rio, Texas, ambako sheria za Marekani hazikumfikia. Mitambo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba sauti yake ilisikika hadi Kanada. Sasa mbuzi walikuwa wamepitwa na wakati, akahamia tezi dume na sindano zake maalum. Mwaka 1937 peke yake aliingiza zaidi ya dola milioni 1, wakati Marekani ingali inatambaa kutoka kwa mdororo wa uchumi.

Aliyemwangusha ni yeye mwenyewe. Morris Fishbein, mhariri wa jarida la chama cha madaktari Marekani, alimwandika mwaka 1938 kuwa ni tapeli. Brinkley akaenda kortini kudai dola 250,000 kwa kuharibiwa jina. Lakini kortini hakuna muziki wala mahubiri katikati. Unaulizwa swali, unajibu. Ilibainika kuwa sindano zake zilikuwa maji yaliyotiwa rangi ya buluu na asidi kidogo. Ndiyo, maji ya Greenville, miaka 26 baadaye. Mwaka 1939 juri ya Del Rio, majirani zake mwenyewe, iliamua kuwa kumwita tapeli ni sawa.

Kisha waliokuwa kimya wakajitokeza: wagonjwa na jamaa za waliokufa, kesi juu ya kesi. Mwaka 1941 alitangazwa kufilisika na Mexico ikakifunga kituo chake. Moyo ukadhoofika, mguu ukakatwa. Alifariki San Antonio Mei 1942, akiwa na miaka 56.

Kwa nini nakusumbua na hadithi ya zamani hivi? Kwa sababu mwaka juzi shangazi yangu aliacha vidonge vya presha. Alitumiwa sauti ya daktari fulani kwenye grupu ya familia, akisema dawa hizo ni njama ya makampuni na kwamba unga wake yeye unatosha. Nilimtafuta kwenye orodha ya madaktari waliosajiliwa. Alikuwepo. Brinkley naye alikuwa na leseni zaidi ya miaka kumi.

Kwa hivyo ukisikia sauti kama hiyo, kukagua leseni ni mwanzo tu. Uliza pia ni nani anapata pesa ukinunua. Uliza ni nani anahesabu wale ambao dawa iliwashinda, na hesabu hiyo iko wapi.

Shangazi alipigwa na kiharusi Agosti hiyo. Anaongea vizuri sasa, lakini mkono wa kushoto haujarudi kabisa. Vidonge amevirudia. Kila asubuhi hunitumia picha ya kikombe cha maji na kidonge kando yake, na mimi humjibu kabla sijatoka kitandani.