Christian de Duve, munganga aliyevumbua vifuko viwili vya seli

Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Édouard katika eneo la Rutshuru, kiko kwenye bonde lililosumbuliwa na malale, ugonjwa wa usingizi, mwanzoni mwa karne ya 20. Njia moja inayotafutwa leo ya kuua kimelea cha ugonjwa huo inatokana na kazi ya munganga Mbelgiji Christian de Duve, aliyefariki tarehe 4 Mei 2013 akiwa na umri wa miaka 95.

De Duve alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1917 karibu na London, ambako wazazi wake walikuwa wamekimbia vita. Mwaka 1920 familia ilirudi Ubelgiji. Alisomea uganga kwenye Chuo Kikuu cha Louvain na kumaliza mwaka 1941, wakati inchi yake ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Alitaka kujua namna insulini inavyofanya kazi ndani ya ini, ili kuelewa ugonjwa wa sukari.

Mwaka 1949, yeye na wenzake walipima enzimu moja ya ini la panya, wakapata kidogo kuliko walivyotarajia. Waliiweka kwenye frigo. Siku chache baadaye kipimo kilipanda sana. Enzimu ilikuwa imefungiwa ndani ya kifuko, na kifuko kilikuwa kimepasuka. Mwaka 1955 alikiita lisosomu. Ni kama tumbo la seli, linalosaga uchafu.

Lakini enzimu nyingine, ya kuvunja asidi ya yuriki, haikufuata mwendo huo. Ilikaa katika kifuko tofauti, ambacho alikiita peroksisomu katika miaka ya 1960. Humo seli inavunja mafuta na kutoa peroksaidi ya haidrojeni, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Hiyo ni sumu kwa seli, na enzimu ya katalasi inaigeuza palepale kuwa maji na oksijeni.

Kifuko hicho kikizidiwa na kuharibika, seli inakitia alama, inakizungushia utando na kukipeleka kwenye lisosomu kisagwe. Kitendo hicho De Duve alikipa jina la autofaji mwaka 1963. Mtoto anayezaliwa bila peroksisomu zinazofanya kazi mara nyingi hafikishi mwaka mmoja.

Mwaka 1974 De Duve alipata tuzo ya Nobel pamoja na Albert Claude na George Palade. Mwaka huohuo alianzisha taasisi ya utafiti mjini Brussels, ambayo leo ina jina lake.

Mwaka 1977 Waholanzi Fred Opperdoes na Piet Borst waligundua kwamba kimelea cha malale kina kifuko cha ukoo wa peroksisomu, ambamo kinachomea sukari yake. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba mlango wa kifuko hicho ukizibwa, enzimu zinabaki nje, kimelea kinakosa nguvu na kufa. Majaribio hayo yalifanywa katika maabara na kwa panya.