Karl Weierstrass: Alitoka chuo bila digrii, akawa mwalimu wa wanahisabati

Wewe uliyepewa na KUCCPS kozi ambayo hukuwahi kuiota, ama uliyejaza chaguo la mzazi ili kuwe na amani nyumbani, hebu tulia kidogo. Kuna jamaa mmoja wa Ujerumani aliyepitia hayo karibu miaka 200 iliyopita. Alikaa chuoni miaka minne akatoka mikono mitupu. Leo ukisomea hisabati katika chuo kikuu chochote, utakutana na jina lake kabla hujahitimu.

Karl Weierstrass alizaliwa Oktoba 31, 1815 katika kijiji cha Ostenfelde, eneo la Westphalia, wakati huo sehemu ya ufalme wa Prussia. Babake alikuwa mfanyakazi wa serikali katika idara ya ushuru, kwa hivyo familia ilihamahama kila alipopewa kituo kipya. Mamake alifariki Karl akiwa bado mtoto.

Katika shule ya upili mjini Paderborn alikuwa moto. Zawadi za masomo alizibeba, na jioni alipata vijisenti kwa kumwandikia mfanyabiashara mmoja hesabu za duka. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alikuwa tayari anasoma jarida la Crelle, ambalo wanahisabati wakubwa wa Ulaya walichapisha kazi zao.

Babake aliona kijana anajua hesabu na akawaza kazi ya serikali. Mwaka wa 1834 akamtuma Chuo Kikuu cha Bonn kusomea sheria, uchumi na fedha. Karl hakubishana na mzee, lakini pia hakusoma. Alihepa mihadhara, akawa bingwa wa kupigana kwa upanga, mchezo uliopendwa sana na wanafunzi wa enzi hizo, na bia hakuiacha. Chumbani, kwa siri, alisoma hisabati peke yake.

Mwaka wa 1838 alirudi nyumbani bila hata kufanya mtihani wa mwisho. Karo ya miaka minne imeenda, na mzee amesubiri digrii bure. Waza kikao cha familia siku hiyo.

Rafiki wa familia ndiye aliyeokoa jahazi. Alishauri kijana apelekwe Münster, akapate angalau cheti cha ualimu wa sekondari. Huko, mwaka wa 1839, Karl alikutana na kozi iliyobadilisha maisha yake.

Mhadhiri aliitwa Christoph Gudermann, na alifundisha kuhusu fanksheni za eliptiki, ambazo ni sehemu ya kile tunachokiita leo uchanganuzi changamano. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza darasa lilikuwa na wanafunzi 13. Wengine wote wakatoroka, akabaki Karl peke yake. Gudermann hakufuta kozi. Aliendelea kumfundisha huyo mmoja.

Sasa, hiyo kozi ni ya nini? Shuleni uliambiwa nambari hasi haina kipeuo cha pili. Wanahisabati walikataa kuishia hapo. Walichukua nambari i, ambayo ukiizidisha kwa i yenyewe unapata -1, wakaiunganisha na nambari za kawaida wakapata nambari changamano. Badala ya kukaa kwenye mstari mmoja, nambari hizi zinatandazwa kama ramani. Kozi yenyewe inachunguza yanayotokea unapofanya kalkulasi juu ya ramani hiyo. Mainjinia wa umeme hutumia nambari hizo kila siku kupiga hesabu za mkondo geu, yaani stima inayofika kwenye soketi yako.

Gudermann alipenda kuandika fanksheni kama jumla isiyo na mwisho: nambari, jumlisha kiasi cha x, jumlisha kiasi cha x mraba, na kuendelea. Karl alilichukua wazo hilo akalifanya msingi wa kazi yake yote. Jumla ya namna hiyo hufanya kazi ndani ya duara fulani tu, lakini ukisogea hadi mahali pengine ndani ya duara, unaweza kuandika jumla mpya yenye duara lake, na mara nyingi duara hilo linavuka mpaka wa lile la kwanza. Ni kama stima imepotea na unatembea na tochi: unaona hatua chache mbele, unasonga, unaona nyingine. Ajabu ni kwamba ukijua fanksheni katika kipande kidogo tu, umeshafunga hatima yake kote inakoweza kufika.

Kwa mtihani wake wa ualimu aliandika insha kuhusu fanksheni hizo. Gudermann aliisifu mno na kuona kwamba kijana huyu anastahili kufundisha chuoni. Lakini uzito wa sifa hizo Karl hakuujua hadi miaka mingi baadaye. Alipewa cheti chake, akaenda kufundisha sekondari.

Alianza Deutsch-Krone mwaka wa 1842, kisha akahamia Braunsberg mwaka wa 1848. Miji yote miwili sasa iko Poland. Mbali na hisabati, alifundisha jiografia, botania, mwandiko mzuri na hata mazoezi ya viungo. Hakuwa na mwenzake wa kujadiliana naye hisabati. Usiku ndio ulikuwa wake. Husimuliwa kwamba asubuhi moja hakuonekana darasani, mwalimu mkuu akamfuata na kumkuta bado anaandika kwa mwanga wa taa, hajui kumekucha.

Sehemu ya ugunduzi wake aliichapisha katika ripoti ya mwaka ya shule. Nani husoma ripoti ya shule? Ikapita kimya.

Mwaka wa 1854 alituma makala kwa lile jarida la Crelle alilokuwa akisoma akiwa kijana. Wanahisabati walishtuka. Mwalimu asiyejulikana wa mji mdogo alikuwa ametatua maswali yaliyowasumbua wakubwa. Chuo Kikuu cha Königsberg kilimpa shahada ya udaktari ya heshima mwaka huohuo, na mwaka wa 1856 akaitwa Berlin. Alikuwa amekaribia miaka 41.

Berlin ilimpata akiwa amechoka. Kizunguzungu kikali kilikuwa kimemwandama kwa miaka, na mwishoni mwa 1861 akazidiwa kabisa. Aliporudi alifundisha ameketi, mwanafunzi akiandika ubaoni kwa niaba yake. Hata hivyo ukumbi ulijaa, wakati mwingine wanafunzi zaidi ya 200. Hakupenda kuchapisha haraka, hivyo mawazo yake mengi yalisambaa Ulaya kupitia madaftari ya wanafunzi.

Mwaka wa 1870 alibishiwa hodi na Sofya Kovalevskaya, Mrusi wa miaka 20. Alikuwa amefunga ndoa ya kwenye karatasi tu ili apate njia ya kutoka kwao kwenda kusoma. Weierstrass alimpa maswali magumu, akayarudisha yametatuliwa vizuri ajabu. Akamwombea ruhusa ya kuhudhuria mihadhara, chuo kikakataa kwa sababu ni mwanamke. Profesa akamfundisha mwenyewe, bila malipo, kwa miaka minne. Mwaka wa 1874 Chuo Kikuu cha Göttingen kilimpa Sofya udaktari, na baadaye akawa profesa Stockholm. Alipofariki mwaka wa 1891, akiwa na miaka 41 tu, mzee aliteketeza barua zote alizomwandikia.

Weierstrass hakuoa. Aliishi na dada zake wawili, na miaka yake ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Berlin Februari 19, 1897, akiwa na miaka 81. Insha ile ya mtihani wa ualimu ilikuwa imechapishwa miaka mitatu tu kabla, zaidi ya miaka 50 tangu aiandike.

Kwa hivyo kama kozi uliyo nayo si yako, usijidanganye kwamba kuhepa lekcha kunatosha. Weierstrass alihepa, sawa, lakini chumbani kulikuwa na kitabu wazi. Na ukijikuta umebaki peke yako kwenye lile darasa gumu ambalo kila mtu amelitoroka, usiondoke kabla hujamsikiliza mwalimu.