Theodor Mommsen, Msomaji wa Mawe ya Warumi

Sisi sote twawajua Warumi kwa ajili ya Injili na Matendo ya Mitume. Twamjua Kaisari Augusto, na Pilato liwali, na maakida wa askari. Lakini sheria na desturi za watu hao zimetufikiaje hata tuzijue kama zilivyokuwa? Yuko mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo kuliko wengi, naye ni Theodor Mommsen. Twataka kuyasimulia maisha yake kwa kifupi.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1817 katika mji mdogo wa Garding, nchi ya Schleswig, ambayo siku zile ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, naye ndiye aliyemfundisha kwanza nyumbani. Alipokua akasoma sheria huko Kiel. Kisha mfalme akampa fedha ya safari, akaenda Italia katika mwaka 1844.

Huko aliona jambo lililomsumbua. Warumi walikuwa na desturi ya kuchonga maneno katika mawe na shaba: sheria, nadhiri, sifa za wakuu, hata majina ya askari na watumwa makaburini. Wataalamu walikuwa wameyanakili tangu zamani. Lakini wengi walinakiliana wao kwa wao pasipo kuliona jiwe lenyewe, na wengine, kama Pirro Ligorio wa karne ya 16, walitunga maneno yasiyokuwako popote. Hivyo kweli na uongo vikamea pamoja kama ngano na magugu.

Mommsen akamwendea mzee Bartolomeo Borghesi katika San Marino, akajifunza kwake. Kisha akazunguka katika ufalme wa Naples mji kwa mji, akiyasoma mawe kwa macho yake mwenyewe, na yale ya uongo akayatenga mbali. Kitabu chake kilitoka mwaka 1852. Baadaye Akademia ya Berlin ikamkabidhi kazi ya kuyakusanya maandiko ya Kilatini ya milki yote ya Warumi, na kitabu cha kwanza cha mkusanyo huo kikapigwa chapa mwaka 1863.

Njia yake haikuwa nyepesi. Mwaka 1851 aliondolewa katika kazi ya kufundisha huko Leipzig kwa ajili ya mambo ya siasa, akahamia Zürich katika Uswisi. Hata hivyo hakulegea: kati ya mwaka 1854 na 1856 alitoa vitabu vitatu vya historia ya Rumi, ambavyo kwavyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Mkewe Marie alimzalia watoto 16.

Jaribu kubwa lilimpata Julai 1880. Nyumba yake katika Charlottenburg, karibu na Berlin, ilishika moto usiku. Vitabu vyake viliteketea, na pamoja navyo hati ya kale ya Jordanes aliyoazimwa kutoka Heidelberg, ambayo haiwezi kurudishwa kamwe. Yeye mwenyewe aliungua katika kujaribu kuokoa karatasi zake. Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye alirudi mezani, na mwaka 1882 akakitoa kitabu cha Jordanes kilichosahihishwa. Alifariki tarehe 1 Novemba 1903, mwenye umri wa miaka 85.

Hatusemi kwamba aliishika njia ya kanisa la baba yake, maana alijitenga nayo. Lakini bidii yake yatufaa sote. Mkusanyo aliouanzisha sasa una maandiko karibu 180,000, na wengine wanauendeleza hata leo. Basi habari ikituijia, ya jirani au ya kanisa, tusiinakili kwa kusikia tu. Tuliendee jiwe lenyewe, tulisome; kwa maana njia ya mwongo ni fupi.