Daktari Percy Julian, mjukuu wa mtumwa aliyezitoa homoni katika soya

Wazee wengi wenye yabisi ya viungo wamepata kudungwa sindano ya kotisoni, wakaondoka hospitali wakitembea kwa miguu yao wenyewe. Na mabibi wengi waliotishiwa na mimba kuharibika wamepata kupewa projesteroni. Dawa hizi zamani zilikuwa ghali kama johari. Kati ya watu waliozishusha bei, mmoja alikuwa mtu mweusi wa Marekani, Daktari Percy Lavon Julian, ambaye mwaka 1993 nchi yake ilitia sura yake katika stempu, yeye akiwa ameshafariki miaka 18.

Alizaliwa Montgomery, jimbo la Alabama, tarehe 11 Aprili 1899. Babu yake alikuwa mtumwa, na katika ukoo wao husimuliwa kwamba alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kuandika. Baba yake alikuwa karani wa posta katika magari ya moshi, naye aliapa kwamba wanawe wote watasoma. Montgomery ya siku hizo haikuwa na sekondari ya serikali kwa watoto weusi. Basi Percy alipoingia Chuo cha DePauw mwaka 1916, ilimlazimu kusoma masomo ya chuo na huku akilipia yale ya sekondari aliyoyakosa. Mabweni hayakumtaka. Alilala darini katika nyumba ya wanafunzi wa kizungu, akawa anawaandalia meza na kuchochea tanuri lao. Mwaka 1920 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Harvard ilimpa shahada ya pili mwaka 1923 lakini ikamnyima kazi ya ualimu, kwa hoja kwamba wanafunzi wa kizungu hawatakubali kufunzwa naye. Akavuka bahari, akaenda Vienna, na huko akapata udaktari wa kemia mwaka 1931.

Sasa tusimame kidogo, kwani kazi ya mtu huyu haieleweki ila kwa kujua kinachopita ndani ya mwili.

Mwili wa binadamu huanza na kolesteroli, mafuta yale yale ambayo madaktari hutuonya juu yake. Kiunzi chake ni pete nne za kaboni zilizoshikana. Katika ovari, korodani, na tezi zilizokaa juu ya figo, kolesteroli hukatwa mkia wake, ikageuzwa hatua kwa hatua. Hutoka projesteroni, homoni ya kulinda mimba. Nayo hugeuzwa zaidi zikatoka homoni za kiume, testosteroni ikiwa mojawapo. Na hapa ndipo wengi hustaajabu: estrojeni, homoni ya kike, hutengenezwa kutokana na hizo homoni za kiume. Kila mwanamke anazo za kiume, na kila mwanamume ana estrojeni yake. Hata baada ya hedhi kukoma, mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni kidogo kidogo kwa njia hiyo hiyo. Kotisoni nayo ni ndugu wa ukoo huu. Pete zake ni nne vile vile.

Lakini homoni ikishafanya kazi haiachwi izurure. Ini huikamata. Kwanza huibandika oksijeni, kisha huifunga na asidi ya sukari au na salfeti, ili kitu kilichokuwa cha mafuta kipate kuyeyuka katika maji. Hapo figo huitoa kwa mkojo. Sehemu nyingine hushuka na nyongo hadi matumboni, ambako bakteria huweza kuifungua, ikarudi tena katika damu. Ini likiharibika, hesabu huvurugika. Mwanamume aliyesinyaa ini huweza kuota matiti. Na ndiyo sababu estrojeni ya kwanza kupatikana safi, mwaka 1929, ilitolewa katika mkojo wa wajawazito, na Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake.

Ini hili hili ndilo lililowapa madaktari taabu. Projesteroni ikimezwa, hufika kwenye ini kabla ya kuenea mwilini, na sehemu kubwa huvunjwa papo hapo. Siku hizo haikuwa na budi kutiwa katika mafuta na kudungwa, mara kwa mara. Ikatakikana nyingi, na ilipatikana wapi? Butenandt mwaka 1934 alipata miligramu 20 tu kutoka ovari za nguruwe 50,000. Msomaji anisamehe kwa kumtaja mnyama huyo, lakini ndiyo hali ilivyokuwa: dawa ya mama mjamzito ilitoka machinjioni.

Tumrudie Julian. Aliporudi kutoka Ulaya alishika haragwe la Calabar, pwani ya Nigeria. Haragwe hilo ni sumu. Wenyeji walikuwa wakimlisha mtuhumiwa ili ijulikane kama ana hatia, kiapo ambacho wenzetu wa pwani hii wana vya kukifananisha navyo. Ndani yake mna dawa ya presha ya macho, iitwayo fisostigmini. Robert Robinson wa Oxford, bingwa ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, alikuwa akiikaribia njia ya kuiunda. Julian, kijana asiyejulikana, akitumia maabara ya DePauw, alichapisha kwamba bingwa amekosea. Lau angekosea yeye, ungekuwa mwisho wake. Mwaka 1935, pamoja na mwenzake Josef Pikl kutoka Vienna, aliikamilisha, na ikathibitika kwamba haki ilikuwa yake. Hata hivyo chuo hakikumpa uprofesa, kwa sababu ya rangi. Kampuni moja kubwa ikamtaka Pikl na kumwacha yeye. Kazi nyingine, mjini Appleton, Wisconsin, ilimpita kwa kuwa mji huo ulikuwa haumruhusu mtu mweusi kulala usiku.

Mwaka 1936 kampuni ya rangi ya Glidden, Chicago, ilimfanya mkuu wa uchunguzi wa soya. Siku moja mwaka 1940 akapigiwa simu kwamba maji yamevuja katika tangi kubwa la mafuta ya soya, na mafuta yameganda utando mweupe. Wengine waliona hasara. Julian alikuwa ameshaziona fuwele kama zile pembeni mwa kazi ya haragwe la Calabar. Zilikuwa stigmasteroli, ndugu wa mmea wa kolesteroli, yenye pete nne zile zile, na katika mkia wake pana kiungo kinachokatika kwa urahisi. Kuukata mkia ule ni sawa na linalofanywa na ovari. Katika mwaka huo huo ratili moja ya projesteroni ya soya, yenye thamani ya dola 63,500, ilipakiwa katika gari la chuma na kupelekwa kwa mnunuzi. Testosteroni ikafuata.

Mwaka 1949 Philip Hench na wenzake walipoonyesha kwamba kotisoni huwainua wagonjwa wa yabisi, kotisoni ilitengenezwa kutoka nyongo ya ng'ombe, kwa hatua nyingi na gharama kubwa. Mwaka huo huo Julian alitangaza njia nafuu ya kuunda kitu kilichopungukiwa na atomu moja tu ya oksijeni kuwa kotisoli, homoni ambayo mwili wenyewe huitumia. Kubandika atomu ile kulikuwa kazi ngumu. Mwaka 1952 wakemia wa Upjohn waligundua kwamba ukungu wa jamii ya ule unaoota kwenye mkate unaweza kuitia mahali pake katika projesteroni. Kwa maoni yangu hapa hakuna mmoja wa kutukuzwa peke yake.

Mwaka 1950 alinunua nyumba Oak Park, nje ya Chicago, kitongoji cha wazungu. Kabla hajahamia, watu walijaribu kuichoma moto. Mwaka uliofuata ikatupiwa baruti huku watoto wamo ndani. Daktari huyu, ambaye dawa zake zilikuwa katika miili ya majirani hao pengine, alikesha usiku na bunduki, na mwanawe mdogo kando yake. Hakuhama. Mkewe, Bibi Anna, aliyekuwa mweusi wa kwanza mwanamke kupata udaktari wa elimu ya jamii nchini humo mwaka 1937, hakuhama pia.

Mwaka 1953 alifungua kampuni yake mwenyewe, akatumia na viazi mwitu vya Mexico, akaiuza mwaka 1961 kwa dola milioni 2.3. Mwaka 1973 aliingizwa katika Chuo cha Taifa cha Sayansi. Alifariki tarehe 19 Aprili 1975 kwa saratani ya ini, siku chache baada ya kutimiza miaka 76. Huko Oak Park shule moja ya watoto sasa inaitwa kwa jina lake.