Olivier Messiaen na muziki ya polepole mu kambi ya wafungwa

Mu mwaka wa 1940, wakati Ufaransa ilikuwa inaanguka mbele ya jeshi la Ujerumani, askari mmoja wa miaka 31 alishikwa akiwa na mfuko wenye kujaa vitabu vya manota ya muziki. Bunduki hakupewa, juu macho yake yalikuwa dhaifu. Walikuwa wamemtia paka kwa kazi ya kusaidia wagonjwa.

Huyo njo Olivier Messiaen. Alizaliwa Avignon tarehe 10 Desemba 1908. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza, akatafsiri Shakespeare kwa Kifaransa. Mama, Cécile Sauvage, alikuwa mshairi. Kijana aliingia Conservatoire ya Paris akiwa na miaka 11 tu. Tangu 1931 alipiga kinanda kikubwa cha kanisa la La Trinité, kazi aliyoishika zaidi ya miaka 60. Alikuwa Mkatoliki kabisa, na kila alipoandika muziki, imani ilikuwa ndani.

Wafungwa walipelekwa mbali, Görlitz, kambi iliyoitwa Stalag VIII-A. Baridi kali, njaa kila siku. Kati yao walikuwamo wanamuziki watatu: Henri Akoka wa klarineti, Myahudi aliyezaliwa Algeria, Étienne Pasquier wa selo, na Jean Le Boulaire wa violoni. Mlinzi mmoja Mjerumani, Karl-Albert Brüll, alimpatia Messiaen karatasi na penseli na nafasi ya kukaa kimya aandike. Hivyo njo ilizaliwa ile Quatuor pour la fin du temps, yenye sehemu nane. Kichwa chake kinatoka mu kitabu cha Ufunuo, sura ya 10, pale malaika anainua mkono na kuapa kwamba wakati hautakuwa tena.

Sasa tuangalie kitu ambacho wengi wanakipita haraka. Mtu wa kambi, mwenye njaa, angeandika muziki gani? Ungengojea toni za huzuni, zile za mineri. Lakini sehemu ya tano, ya selo na piano, iko mu mi majeri, toni yenye mwangaza, na sehemu ya mwisho, ya violoni na piano, iko vilevile mu mi majeri. Na mwendo? Katika sehemu ya tano mwandishi anaomba polepole isiyo na mwisho: pigo dogo 44 kwa dakika moja. Moyo wa mtu aliyepumzika kwa kawaida unapiga haraka kuliko hapo. Mpiga selo anavuta upinde pole, pole, mpaka mkono unachoka, na haruhusiwi kuacha sauti ife. Wapigaji wengine wanaogopa wasikilizaji watalala, wanaongeza mwendo. Mimi naona hapo wanaharibu. Ukiharakisha, inabaki wimbo mzuri tu. Ukiiacha polepole, unasahau kuhesabu dakika, na hicho njo Messiaen alikitafuta. Mfungwa anahesabu siku. Yeye aliandika muziki ambamo hakuna cha kuhesabu.

Furaha yake si ya sherehe, lakini. Sehemu ya sita inakuja na hasira: vyombo vyote vinne vinapiga noti zilezile pamoja, kwa nguvu, bila hata kimoja kusindikiza kingine. Amani ya mwisho inakuja kisha hiyo.

Ilipigwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1941, ndani ya baraka ya kambi, kwa piano mbovu. Baadaye Messiaen mwenyewe alizoea kuhadisia kwamba wasikilizaji walikuwa elfu tano na selo ilikuwa na nyuzi tatu. Pasquier, aliyeishika hiyo selo, alikanusha: nyuzi zilikuwa nne, na baraka ile haikuweza kuingiza watu wengi hivyo, walikuwa mia kadhaa. Kumbe hata mtu wa imani anaweza kuongeza chumvi! Mia kadhaa wenye njaa, walinzi wakiwa mustari wa mbele, inatosha.

Mu 1941 hiyohiyo Messiaen alirudishwa kwao na kuwa mwalimu kwenye Conservatoire. Akoka naye alitoroka na kupona. Kati ya wanafunzi wa Messiaen walitoka Pierre Boulez na Iannis Xenakis. Yeye mwenyewe alitembea mu misitu akiandika sauti za ndege, na alisema anaona rangi kila anaposikia sauti. Alikufa tarehe 27 Aprili 1992.

Mahali pa ile kambi leo ni upande wa Poland, mu mji wa Zgorzelec. Watu wanarudi pale tarehe 15 Januari, mu baridi ileile, kuisikiliza Quatuor tena.