Armand Considère, injenia aliyevalisha nguzo ya betoni mkanda wa chuma

Fundi wa Goma ao Bukavu anayefunga etriye kuzunguka vyuma vya nguzo anafanya kazi ambayo injenia mmoja Mfaransa alipima nguvu yake zaidi ya miaka 120 iliyopita. Jina lake ni Armand Considère.

Alizaliwa mwaka wa 1841, mashariki mwa Ufaransa. Alisoma École polytechnique, kisha École des ponts et chaussées, na kuingia kazi ya serikali. Kwa miaka mingi alikuwa injenia mkubwa huko Quimper, katika Bretagne, mbali na wakubwa wa Paris. Mwanzoni alichunguza chuma, hasa namna nguzo nyembamba inavyopinda ikibebeshwa uzito.

Tarehe 29 Aprili 1900, wakati wa Maonyesho ya Paris, daraja la watembea kwa miguu karibu na Globe Céleste lilianguka na kuua watu 9. Lilikuwa la betoni yenye chuma. Wakati huo kila mjenzi alikuwa na hesabu zake, na serikali haikuwa na sheria yoyote juu ya betoni hiyo. Mwisho wa mwaka serikali iliunda tume, na Considère akawa ndani yake.

Yeye aliangalia jambo ambalo wengi walipita. Betoni ikigandamizwa toka juu inafupika, lakini pia inavimba pembeni, na huko ndiko inakopasukia. Vyuma vilivyosimama vinasaidia kubeba, ila havizuii kuvimba. Mwaka wa 1901 alichukua hati ya uvumbuzi wa nguzo yenye chuma kilichozungushwa toka chini hadi juu bila kukatika, kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Aliiita béton fretté, toka neno frette, ile pete ya chuma inayokaza kitovu cha gurudumu la mkokoteni. Vipimo vyake vilionyesha kwamba chuma cha kuzunguka kinaongeza nguvu mara 2,4 kuliko chuma kilekile kikisimamishwa wima.

Watu walishika hiyo namba, lakini kilicho kikubwa zaidi ni namna nguzo inavyokufa. Nguzo ya kawaida inavunjika ghafla. Ile ya Considère inaanza kupoteza ganda la inje, kisha kiini kilichofungwa kinaendelea kubeba huku kikifupika mbele ya macho. Aliye ndani ya nyumba anapata nafasi ya kutoka. Kuna kasoro pia: mkanda haushiki mpaka betoni ianze kuvimba, kwa hiyo ganda linapasuka kwanza.

Kanuni za kwanza za Ufaransa juu ya betoni yenye chuma zilitoka Oktoba 1906. Considère alifungua ofisi, akafanya kazi humo pamoja na Pelnard na Caquot, na alikufa mwaka wa 1914.

Maelezo ya namba yake yalikuja baadaye. Mwaka wa 1928, huko Illinois, Marekani, Richart, Brandtzaeg na Brown waligandamiza betoni pembeni kwa kimiminika chenye presha. Waliona kila kipimo cha presha ya pembeni kinaongeza nguvu ya wima karibu mara 4. Ukigeuza hesabu hiyo kwa mkanda wa chuma, unapata karibu mara 2: si mbali na 2,4 ya mzee. Mwaka wa 1988, Mander, Priestley na Park wa New Zealand walitoa hesabu inayofuata betoni iliyofungwa toka mzigo wa kwanza hadi kuvunjika, na mainjenia wa nchi za matetemeko wanaitumia mpaka leo.

Tarehe 9 Februari 1971, tetemeko lilipiga hospitali mpya ya Olive View, California. Nguzo za pembe zilizofungwa kwa etriye za mbalimbali zilisagika. Zile zenye chuma cha kuzunguka zilipinda vibaya na maganda yakaanguka, lakini ziliendelea kubeba jengo.